Kufuatilia safari za vitwitwi ukiwa Nairobi: mwongozo kamili, kuanzia daftari hadi setilaiti

Anayetaka kufuatilia safari ya ndege mdogo wa topeni huanza kwa kuulizia kifaa. GPS ya ndege ni pesa ngapi? Inafungwa wapi, mguuni au mgongoni? Swali si baya, ila limeanzia mkiani. Vitwitwi wengi wanaotufikia kutoka kaskazini ya mbali ni wepesi mno kubeba chombo cha maana, na sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuamka tu asubuhi akaenda kunasa ndege wa porini. Lakini mwenye darubini, daftari na bwawa moja analolirudia kila wiki anaweza kujua mengi: wanafika lini, wakomavu wanawatangulia vijana kwa majuma mangapi, wanaondoka wakiwa na mafuta kiasi gani, na mwaka upi mambo yamekwenda mrama huko walikotoka. Ujuzi mwingi tulio nao kuhusu ndege hawa ulipatikana hivyo, kwa hesabu na pete za namba zinazovalishwa miguuni mwa ndege. Setilaiti imekuja juzi.

Kwa hiyo tutaanza topeni, tufike kwenye betri na antena baadaye.

Mtofautishe msafiri na mwenyeji

Vitwitwi ninaowazungumzia ni wale ndege wa kijivu na kahawia wanaotembea ukingoni mwa maji wakidonoa matope. Jifunze majina yao ya Kilatini mapema. Ndiyo utakayoandika, na ndiyo yanayoeleweka na programu zote za simu.

Wa kuanza naye ni Calidris minuta, mdogo kuliko wote utakaowakuta. Ana urefu wa sentimita 13 hivi, uzito wa gramu ishirini na kitu, miguu myeusi na mdomo mweusi mfupi ulionyooka. Hatulii. Anakimbia hatua tatu, anadonoa, anakimbia tena, mdomo ukipanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Huyu huzaliana kwenye tundra, nyanda baridi zisizo na miti za kaskazini ya mbali, kuanzia kaskazini mwa Norwei hadi Siberia. Kutoka Nairobi hadi ncha ya Norwei ni karibu kilomita 8,000 kwa mstari ulionyooka, na yeye hapiti mstari ulionyooka.

Mwenzake Calidris ferruginea ni mkubwa kidogo, mdomo wake umepinda kuelekea chini, na akiruka unaona weupe juu ya mkia. Anazaliana Siberia ya kaskazini, ikiwemo rasi ya Taimyr, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka hapa.

Kisha kuna wa jamii ya Tringa, warefu zaidi. Tringa glareola ana nyusi nyeupe, mgongo wenye madoadoa na miguu ya manjano-manjano. Tringa ochropus ni mweusi zaidi, na akiruka chini ya bawa lake ni giza tupu. Hicho ndicho kitambulisho kisichokosea. Tringa stagnatilis ana mdomo mwembamba kama waya. Actitis hypoleucos utamjua kwa mkia usioacha kutikisika, na kwa kabari ya weupe inayopanda kati ya kifua na bawa. Huyu wa mwisho hahitaji bwawa kubwa. Mtaro wenye maji na jiwe la kusimama unamtosha. Calidris pugnax naye huwachanganya wengi kwa sababu dume ni mkubwa kuliko jike kwa kiasi cha kuonekana kama ni aina mbili tofauti.

Sasa wenyeji. Yule mwenye mistari miwili myeusi kifuani na duara jekundu kuzunguka jicho ni Charadrius tricollaris, na baadhi ya orodha mpya zinamwita Thinornis tricollaris. Yuko hapa mwaka mzima. Mrefu wa miguu ya waridi, Himantopus himantopus, naye utamkuta miezi yote. Waandike, maana hesabu bila wenyeji haina kipimo: vitwitwi wakipungua huku wenyeji wakibaki vilevile, tatizo huenda liko safarini. Wote wakipungua pamoja, angalia bwawa lako kwanza.

Mtego mmoja zaidi. Calidris temminckii ni mdogo sawa na minuta, lakini miguu yake ni ya manjano na hupenda kingo zenye majani. Tope likikauka mguuni, mweusi huonekana wa kijivu na wa manjano huonekana wa kahawia. Usiamue kwa mguu peke yake. Temminckii ana kifua cha kijivu kilichojaa na mwendo wa polepole, wa kunyemelea.

Chagua bwawa moja

Nairobi imebahatika. Mashariki ya mji, Ruai, kando ya Kangundo Road, kuna mabwawa ya kusafisha majitaka ambayo watu wa ndege wameyajua kwa miaka mingi kama mabwawa ya Dandora. Hapo majitaka ya jiji hupita kutoka bwawa hadi bwawa yakisafishwa na jua, hewa na vijidudu, kisha yanaingia Mto Nairobi. Palipo na uozo pana funza na wadudu, na palipo na wadudu vitwitwi watakuja. Harufu utaizoea baada ya nusu saa. Nguo ndizo zitakazoikumbuka.

Mahali hapo ni kiwanda cha Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, si bustani ya umma, kwa hiyo omba ruhusa ofisini kabla ya kwenda, na uende na barua. Langoni salimia vizuri, eleza kazi yako bila maringo. Askari atakuuliza tu, "Sasa mkubwa, huku kwa maji chafu mnatafuta nini?" Mwambie ukweli, kwamba unahesabu ndege waliotoka Urusi, na umpe darubini atazame. Ukimpata askari aliyewahi kumwona kitwitwi kwa karibu, umepata mtu atakayekwambia bwawa lipi limekauka wiki hii. Usiende peke yako, na usiache kamera ikining'inia shingoni barabarani.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ndiyo nyingine. Hyena Dam iko karibu na lango kuu, na bwawa la Athi Basin liko ndani zaidi upande wa nyanda. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na malipo ni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Unahitaji gari, na hushuki nje ya sehemu zilizotengwa. Simba wa Nairobi hawajali kwamba unahesabu. Faida yake ni kwamba gari ni maficho bora: kitwitwi anayemkimbia mtu kwa mguu atakula mita chache kutoka kwenye gari lililozimwa.

Limuru kuna Manguo, kidimbwi cha mvua kando ya barabara ya Nakuru, kizuri miaka ya mvua na bure kabisa miaka ya kiangazi. Magadi ni safari ya siku nzima kupitia Kiserian, joto lake si mchezo, ila makundi ya Calidris minuta huko ni ya kuheshimu.

Ushauri wangu: chagua pahali pamoja unapoweza kufika kila wiki bila kuvunja bajeti, hata kama si pazuri kuliko pote. Bwawa duni lililohesabiwa kila Jumamosi lina maana kubwa kuliko Magadi ya mara moja kwa mwaka.

Vifaa vya kuanzia

Darubini ya mkononi ya 8x42 au 8x32 inatosha (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita). Darubini kubwa ya miguu mitatu ni muhimu ukifika kwenye kusoma pete, lakini ni ghali, wengi huazimana. Gambuti, kofia, maji ya kunywa, sabuni. Daftari la karatasi na penseli, kwa sababu simu huzimika na wino huyeyuka. Usile chochote ukiwa mabwawani kabla ya kunawa.

Kuhesabu

Fika mapema. Kufikia saa nne, joto linapanda kutoka topeni na kila kitu kwenye darubini kinacheza. Kutofautisha miguu ya manjano na myeusi hapo ni kubahatisha. Simama jua likiwa nyuma yako: asubuhi kaa ukingo wa mashariki utazame magharibi. Ukisimama upande wa pili utaona vivuli tu, na kivuli cha kitwitwi hakina jina.

Kabla ya kusogea hata hatua moja, hesabu waliopo mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia. Aina moja kwa kila mzunguko: mzunguko wa kwanza minuta, wa pili Tringa wote, wa tatu wenyeji. Anayejaribu kuhesabu aina sita kwa mpigo mmoja huishia na jumla nzuri na mgawanyo wa uongo. Chini ya mia, hesabu mmoja mmoja. Zaidi ya hapo, hesabu kumi, uone kumi wanachukua nafasi gani machoni, kisha pima kundi lote kwa kumi-kumi. Kundi likiruka kwa sababu ya kipanga, piga picha, utawahesabu nyumbani.

Usiwarushe kwa makusudi ili wahesabike. Aprili hasa, kila ruko la bure linachoma mafuta aliyoyatafuta siku nzima.

Njia iwe ileile, muda uwe uleule. Ukurasa wa daftari langu unafanana na huu wa mfano: "Jumamosi. 12:50 hadi 2:50 asubuhi. Mawingu, upepo kidogo. Bwawa la tatu: maji yameshuka, tope hatua nne upana. Minuta 64 (vijana angalau 20). Glareola 11. Ochropus 1. Pugnax 0. Tricollaris 6. Kipanga mmoja amepita 1:40, wote wameruka, wamerudi baada ya dakika kumi." Angalia mambo mawili hapo. Upana wa tope umeandikwa, kwa sababu kitwitwi anafuata tope. Maji yakipanda yakafunika ukingo, ndege wataondoka hata kama safari yao imekwenda vizuri kabisa. Tangu miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana, na Nakuru sehemu kubwa ya kingo zilizokuwa meza yao ziko chini ya maji. Mtu asiyeandika hali ya maji angedhani ndege wamekufa.

La pili ni ile sifuri ya pugnax. Iandike. Tarehe ya kufika inajulikana tu ukiwa na wiki iliyotangulia iliyosema hakuna.

Mwaka wao unavyokwenda hapa

Wa kwanza kurudi ni Tringa ochropus, Tringa glareola na Actitis. Wengine huonekana Julai, wakati Nairobi bado tumevaa majaketi. Agosti wanaingia wakomavu wa Calidris, bado wana mabaki ya rangi nyekundu-kahawia ya kuzalia, manyoya yamechakaa kingo. Vijana waliozaliwa mwaka huohuo hufuata baadaye, kuanzia mwisho wa Septemba hadi Novemba, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Ndege wa miezi miwili, gramu ishirini, hajawahi kuiona Afrika, na anafika. Mimi sijachoka kulistaajabia hilo.

Kijana wa minuta ana manyoya mapya yenye kingo safi, na mgongoni mistari miwili myeupe inayokutana kama herufi V. Kufikia Desemba wengi wamebadilisha manyoya na kuwa wa kijivu, kwa hiyo hesabu ya vijana ifanywe Oktoba na Novemba. Uwiano wa vijana kwa wakomavu ndiyo taarifa nzito kuliko zote unazoweza kupata bila kumgusa ndege, maana unakwambia ufugaji wa makinda ulikwendaje kwenye tundra ambayo hutawahi kuikanyaga.

Wakomavu hutumia miezi yao hapa kubadilisha manyoya makubwa ya mabawa. Mkomavu akinyoosha bawa Oktoba au Novemba, tafuta pengo katikati yake. Ndege mwenye pengo kubwa hana mpango wa kwenda mbali wiki hiyo.

Kuanzia Machi mambo yanageuka. Kichwa na kifua vinaanza kuwa vyekundu-kahawia, na matumbo yanashuka. Wataalamu hupima unene kwa macho, kwa kutazama ndege kutoka ubavuni na kumpa alama 1 hadi 5: moja ni tumbo lililobonyea nyuma ya miguu, tano ni tumbo lililovimba hadi linaning'inia kuelekea mkia. Fanya hivyo kwa ndege ishirini au thelathini kila wiki kuanzia katikati ya Machi. Utaona wastani unapanda, kisha, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, wanene wanatoweka na hesabu inaanguka. Hapo umeshuhudia kuondoka. Ukibahatika kuwapo jioni, utasikia kundi linaita bila kukoma, linapaa kwa mzunguko, na badala ya kushuka linashika kaskazini.

Juni hubaki wachache, hasa wa mwaka wa kwanza ambao hawakupanda kwenda kuzaa. Nao waandikwe.

Kusoma miguu

Baada ya hesabu kuwa mazoea, anza kutazama miguu. Ndege aliyevalishwa pete ana namba yake mwenyewe, na kumwona mahali pawili ndiyo safari iliyothibitishwa.

Pete ya chuma ina jina la kituo na namba. Maneno kama MOSKWA, STOCKHOLM, HELSINKI au GDANSK yanakwambia ilikotoka. Namba hizo ni ndogo sana kusomeka kwa kitwitwi aliye hai, ila ukipiga picha nyingi anapogeuka, unaweza kuunganisha tarakimu tatu za upande huu na mbili za upande ule. Vibendera vya plastiki vya rangi, vyenye herufi au bila, vimetengenezwa visomeke kwa mbali.

Ukimwona mwenye alama, andika kwa utaratibu huu: mguu gani (wa ndege, si wa upande wako, akikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako), juu ya kifundo au chini, rangi kutoka juu kwenda chini, herufi kama zipo na rangi ya herufi. Usijaze usichokiona. "Kushoto juu: kibendera, rangi haikueleweka" ni taarifa halali. Rangi hupauka juani, na nyekundu iliyopauka ni rahisi kuitwa ya chungwa, kwa hiyo picha ni bora kuliko kumbukumbu.

Taarifa peleka kwa kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, ambako mpango wa pete wa Afrika Mashariki unaratibiwa. Pete za Ulaya zinapokelewa pia kwenye tovuti ya EURING, muungano wa vituo vya pete vya Ulaya ulioanzishwa mwaka 1963, na miradi ya pete za rangi imeorodheshwa kwenye cr-birding.org. Mara nyingi utajibiwa kwa historia ya ndege huyo: alivalishwa wapi, tarehe gani, akiwa na umri gani.

Ukimkuta ndege aliyekufa mwenye pete, usimshike kwa mkono mtupu; kuna homa ya ndege. Piga picha ya pete pande zote na utoe taarifa.

Kama unadhani pete ni kazi ya Wazungu huko kwao, kumbuka Ngulia. Katika hoteli hiyo ya Tsavo Magharibi, kila mwisho wa mwaka tangu 1969, ndege wahamaji wanaovutwa na taa usiku wa ukungu usio na mwezi hunaswa, hupimwa na kuvalishwa pete. Hao wengi ni ndege wa vichakani, lakini mikono iliyojifunzia huko imefanya kazi nyingi nchini.

Kutuma hesabu zako

Daftari lililofungwa kabatini halisaidii mtu. Tumia eBird, mfumo wa mtandaoni wa kuandikia orodha za ndege, kwa idadi, na ulizwapo kama umeandika ndege wote uliowatambua, hakikisha jibu ni ndiyo. Kenya Bird Map, iliyoanza 2013, inafanya kazi tofauti: nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kutafuta, ikiweza kuongezwa hadi siku tano. Unarekodi kwa programu ya BirdLasser, ambayo inafanya kazi hata bila bando. Idadi kwenye eBird, kuwapo kwenye Kenya Bird Map, hazigongani.

Na usijifungie peke yako. Nature Kenya, mtoto wa chama cha historia ya asili kilichoanzishwa 1909, ina matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho, yalianza 1971. Kila Januari kuna hesabu ya ndege wa maji, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kwenye mabwawa ya Nairobi na maziwa ya Bonde la Ufa. Jitolee. Kuhesabu kando ya mzee aliyeyaona makundi ya Nakuru kabla maji hayajapanda kunakunoa macho kuliko kitabu chochote.

Vifaa vya umeme, na kwa nini vinamshinda mdogo

Kanuni inayotumika sana ni kwamba mzigo usizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Piga hesabu. Minuta wa gramu 22 anaweza kubeba gramu 0.66. Ferruginea wa gramu 60, gramu 1.8. Vifaa vidogo vya sola vinavyoongea na setilaiti vina gramu 2 hivi, kwa hiyo vinahitaji ndege wa gramu 67 kwenda juu. Tringa ochropus aliyeshiba anaweza kufika hapo, pugnax anafika bila shida, minuta hakaribii hata.

Ndiyo maana sifa kubwa za setilaiti ni za wakubwa. Mwaka 2022 kijana wa Limosa lapponica, ndege mkubwa wa topeni, aliyepewa namba 234684 aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua. Huyo ana uzito wa mamia ya gramu.

Kwa wadogo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kitoa mawimbi ya redio, chepesi hadi sehemu ya gramu, kinachosikika na minara maalumu. Mtandao wa Motus, unaoendeshwa kutoka Kanada, ndio mkubwa zaidi. Tatizo ni kwamba mnara usiokuwapo hausikii, na minara mingi iko Amerika Kaskazini.

Ya pili ni kinasa-mwanga, kifaa cha nusu gramu au zaidi kidogo ambacho hakitumi chochote. Kinaandika tu mwanga na saa. Ni ujanja rahisi na unaweza kuujaribu hapa Nairobi. Chukua Aprili 15, siku ambayo saa ya jua na saa ya ukutani zinakubaliana kwenye longitudo ambayo saa za nchi zimewekewa. Jua linachomoza kama saa 12:30 asubuhi, linatua kama saa 12:36 jioni. Katikati yake ni saa 6:33 mchana. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa longitudo 45 mashariki, ambako siku hiyo jua lingefika kileleni saa 6:00 kamili. Sisi tumechelewa dakika 33, na kila digrii ni dakika 4. Gawanya: 8.25. Toa kwenye 45: 36.75. Nairobi iko 36.8. Urefu wa mchana nao unakupa latitudo kwa njia kama hiyo.

Kasoro zake nazo zijulikane. Karibu na Machi 21 na Septemba 22 mchana unalingana dunia nzima, hivyo latitudo inapotea kwa majuma kadhaa, na ndiyo miezi ndege wengi wako njiani. Akifika tundra ambako jua halitui, kifaa hakina machweo ya kuandika. Na lazima ndege yuleyule anaswe tena mwaka unaofuata, la sivyo data imekwenda na mguu wake. Kwa hiyo kinafaa kwa ndege anayerudi pahali palepale. Kwenye kingo zinazozama na kuibuka kama za Bonde la Ufa, ni kamari.

Lakini kikirudi, kinaweza kupindua mambo. Mwaka 2012 watafiti walifunga vinasa-mwanga kwa Phalaropus lobatus wachache, ndege wadogo wa majini, kwenye visiwa vya Shetland, Uingereza. Ilidhaniwa wanakwenda Bahari ya Arabuni pamoja na jamaa zao wa Skandinavia. Mmoja akanaswa tena mwaka uliofuata: alikuwa amevuka Atlantiki, akashuka pwani ya Marekani, akapita Karibi na kukaa kipindi cha baridi Pasifiki, kati ya Ekwado na Peru. Ndege mmoja, kifaa kimoja, ramani ikabadilika.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Safari za ndege wenye vifaa unaweza kuzifuata kwenye Movebank, hifadhi ya data inayosimamiwa na taasisi ya Max Planck ya Ujerumani. Miradi mingine imeacha ramani wazi. eBird nayo ina ramani za wiki kwa wiki za aina nyingi. Zilinganishe na daftari lako: ramani ikisema minuta wamekwisha ondoka na kwako bado wapo arobaini, andika, hiyo ni taarifa.

Kunasa, kuvalisha pete na kufunga vifaa ni kazi ya wenye leseni. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na wanyamapori wako chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kwa hiyo kuna vibali vya KWS, shirika la wanyamapori la serikali, na taasisi ya utafiti wa wanyamapori iliyoko Naivasha. Hakuna njia ya mkato hapo, na anayekwambia atakuletea nyavu kimyakimya ni wa kuepukwa. Njia iliyo wazi ni kuulizia Makumbusho lini wafungaji pete wanakwenda kazini, uombe kuwasaidia. Utaanza kwa kubeba vijiti vya nyavu saa kumi alfajiri na kuandika namba unazotajiwa. Baadaye utapima mabawa kwa rula. Kushika kitwitwi aliye hai mkononi kunakuja nyuma ya hayo yote, siku mwalimu wako atakapoona vidole vyako vimetulia.